Baada ya Donge Kuondolewa



Yapo maradhi yanayomwangusha mtu kwa dakika chache pasipo jeraha lolote kuonekana. Kiharusi ni mojawapo. Mara nyingi chanzo chake ni donge la damu kuziba mshipa unaopeleka damu ubongoni. Mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa madaktari wa Uholanzi uliohusu wagonjwa 500. Baadhi yao walipitishiwa mrija mwembamba kutoka kinenani hadi kichwani, donge likanaswa na kuvutwa nje. Baada ya siku 90, wapatao 33 katika kila 100 wa kundi hilo waliweza kujitegemea. Wa tiba ya kawaida pekee walikuwa 19. Huduma hiyo ingali adimu kwetu na katika nchi jirani.

Lakini kuzibua mshipa si kuuponya. Aliyewahi kuzibua bomba kwa waya anajua kwamba maji hutiririka, ila kutu hubaki, na waya wenyewe huacha mikwaruzo. Mshipa nao una utando laini wa ndani unaozuia damu isigande ovyo, na kifaa kinachovuta donge huweza kuuchubua. Mafuta yaliyojirundika ukutani nayo yako pale pale, yaweza kupasuka na kuzaa donge jingine.

Hapo ndipo zinapohitajika dawa ziitwazo statini. Asili yake ni Japani, ambako mwaka 1973 mwanasayansi Akira Endo na wenzake waliipata ya kwanza katika kuvu. Hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, hutuliza uvimbe wa kuta za mishipa, na kuusaidia ule utando wa ndani.

Uchunguzi wa mwaka 2006 uliwahusu watu 4,731 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za kupita, ingawa si wa kutolewa donge. Kwa miaka 5 hivi, asilimia 11.2 ya waliomeza atorvastatini walipatwa tena na kiharusi, dhidi ya 13.1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tofauti hiyo si kubwa, wala sipendi kuikuza. Tena viharusi vya kuvuja damu viliongezeka: watu 55 dhidi ya 33. Kwa hiyo aliyewahi kuvuja damu ubongoni aamuliwe na daktari, si na jirani wa kitanda.

Shida ni kwamba lehemu haiumi. Askari hurudi kambini, anapiga saluti kwa mkono ule ule uliolegea, na baada ya miezi michache anauliza vidonge ni vya nini. Anaviacha, na mshipa unabaki bila mlinzi.

Mwingine huviacha kwa sababu ya maumivu ya misuli, ambayo huweza kutokana na dawa yenyewe, ingawa yeye huenda akadhani ni uchovu wa gwaride. Huyo amweleze daktari, abadilishiwe kipimo au aina. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo.