Nafsi Ndani ya Kitenzi: Kisukuma na Kiaramu

Msukuma wa Nyashimo, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, amsalimupo mtu mmoja asubuhi husema wangaluka; wakiwa wengi, mwangaluka. Humo hamna bebe, yaani "wewe", wala bing'we, yaani "ninyi". Nafsi imo ndani ya kitenzi: u- kwa mmoja, mu- kwa wengi.

Hata hivyo sarufi nyingi za Kibantu hutanguliza jedwali la maneno yasimamayo peke yake: nene, bebe, weyi, bise, bing'we, sambamba na mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi. Utaratibu huo wakifaa Kiingereza, ambacho kitenzi chake hakijitoshelezi bila neno la nafsi. Kwa Kisukuma ni kuweka kichwa chini na miguu juu.

Kiaramu chatoa ushahidi mzuri, kwa kuwa historia yake imeandikwa. Katika Kisiria, yaani Kiaramu cha Edessa, "mimi" ni enā, kwa mume na mke sawasawa. Neno hilo lilifupishwa likawa -nā, likashikamana na neno lenye maana ya "mwenye kuandika", ambalo lenyewe huonyesha jinsia. Basi mume husema kātebnā, "naandika", na mke kātbānā. (Mzizi k-t-b ni uleule ulioleta "kitabu" katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu.) Katika Kiaramu cha sasa cha Waashuri sehemu hizo zimeyeyukiana: mume katwin, mke katwan. Nafsi ya pili yastaajabisha zaidi. Neno huru āt huambiwa mume na mke pia, lakini kitenzi ni katwit kwa mume, katwat kwa mke. Atazamaye jedwali la maneno huru tu hataiona tofauti hiyo kamwe.

Mlinganisho huu una mipaka. Kibantu hakitofautishi mume na mke, tena kiambishi cha nafsi hutangulia mzizi, ilhali katika maumbo haya ya Kiaramu hufuata. Lakini kazi ni ile ile, na Kiswahili nacho chaithibitisha. "Nawaambia" yaweza kuwahusu ninyi au wao. Msemaji akitaka kuondoa shaka hahitaji kuongeza "ninyi", husema "nawaambieni".

Kwa hiyo sarufi ya Kisukuma yafaa ianze na u-, du-, mu- na ba-. Bebe na wenziwe wangoje sura ya msisitizo, pale msemaji anapomtenga mmoja na wengine: wewe, si yule.