Mustang ya Kazo Ilikuwa Inapiga Mateke

Manze, msee wa mtaa akifika majuu husaka vitu mbili kabla hata azoee baridi: mahali wanauza unga ya ugali, na ile ndai alikuwa anaonanga kwa movie. Kazo yangu ako Dallas. Unga alipata wiki ya kwanza. Ndai ilimtoa jasho miaka nane akiendesha lori, hadi mwaka huu akashika Mustang ya 1967, V8 ya 289, nyeusi ti, sauti ka simba amekwamwa na mfupa. Picha ziliingia grupu ya familia usiku, na hakuna mtu alilala.

Ngori ilikuwa nyuma. Huko ilikuwa ngumu ka benchi ya polisi.

Jumapili ya kwanza akabeba mathe yake, auntie yangu, kanisani. Kila bampu mkia unaruka, kiti inampiga teke. Auntie akashuka ameshika kiuno, akasema hiyo ni mkokoteni umevalishwa suti. Akaapa hapandi tena.

Kazo akanipigia. Alikuwa ashachagua springi mpya na shoki za bei mbaya, imebaki tu kulipa. Nikamshow, "Tulia, usitoe chapaa bado. Kesho nakupeleka Grogan."

Grogan ni hizo sides za Kirinyaga Road, tao, mahali oili imeingia kwa udongo hadi udongo imesahau rangi yake. Kuna mzae huko hajawahi gusa Mustang tangu azaliwe. Lakini Hiace, lori na nganya za Rongai, amelala chini yazo miaka mingi kuliko umri yangu. Na hapo ndio kuna kitu mawasee wa movie hawajui: pamoja na hizo mbio zote, Mustang ya 67 nyuma imebebwa na springi za bledi, ekseli moja nzima imekalia, design ile ile ya Isuzu ya mathree. Ford walianza kuiuza 1964 ikiwa hivyo. Chuma haina passport.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni huku, saa tatu asubuhi kwa kazo. Nikaweka video call, nikaegemeza simu kwa gurudumu ya lori. Mzae akapangusa mikono, akacheki hiyo ndai, akatingisha kichwa. "Kijana, tutaanza na kitu ya bure."

Ya bure ni upepo. Kazo akaweka geji: 40. Mzae akacheka. Tairi imefurwa hivyo hurudisha kila jiwe kwa mgongo yako. Akashuka hadi 30, akazunguka block. Iko afadhali, lakini bado inapiga.

"Sasa kalia buti, uidundishe." Kazo ni kilo mia moja na kidogo. Akakalia. Mkia haukushtuka.

"Hesabu bledi." Nne kila upande, vile ilikuwanga stock. Hakuna mtu ameongeza, ka vile makanga huongezewa ndio abebe excess. Hazijashikana na kutu pia, ju kutu ikiingia katikati bledi haziteleziani, zinakuwa ka mbao moja nene.

"Nionyeshe shako." Hicho ni kichuma kinaning'iniza springi kwa nyuma. Springi ikibonyezwa hunyooka, na ikinyooka inakuwa ndefu, so lazima shako ipate pa kuyumba kurudi nyuma. Ikiwa imebanwa kwa bodi, springi haina pa kwenda na wewe ndio utaenda juu. Ya kazo ilikuwa imelala poa.

Next, ile raba ekseli hugonga ikipanda sana. Mzae akamwambia aipake grisi, aendeshe, arudi acheki ka grisi imeacha alama pale inagusaga. Akarudi. Safi, hakuna alama. So ekseli haikuwa inafika mwisho.

Zikabaki shoki. Hapo kazo alikuwa ana uhakika, ju mwenye aliuza alimbongesha ni za gesi, ngumu. Mzae: "Fungua bolti za chini pekee, uzining'inize, kisha uidundishe tena." Shoki zikitoka kwa mchezo, mkia inafaa udunde ka godoro. Kazo akakalia buti mara ya pili. Zii. Bado jiwe.

Akanyamaza. Hizo shoki alikuwa karibu kununua hazingesaidia na chochote.

Ndio mzae akauliza swali yenye sikuexpect. "Bushi zilibadilishwa lini? Na wakati wa kukaza, magurudumu yalikuwa chini ama hewani?"

Kazo akasaka risiti. Bushi mpya, mwezi moja kabla anunue, garage fulani huko. Gari ilikuwa juu ya lifti.

Mzae akanishika mkono, nikiwa nimeunyoosha, akabana kiwiko kwa nguvu. "Kunja." Nikajaribu, nikashindwa. "Hivyo ndivyo walifanya springi." Bushi ya mbele ni raba imeshikana na bomba ya chuma ndani. Ukikaza bolti ekseli ikiwa inaning'inia, unaifunga raba kwa hiyo pozi. Ukishusha ndai, raba inajinyonga na inataka kurudi, inasukuma mkia juu mchana na usiku. Ni ka springi ingine umeongeza bila kujua.

Dawa? Stendi mbili imara chini ya ekseli, uzito wote ukalie springi. Usiingie chini ya ndai imebebwa na jeki peke yake, hapo mzae alirudia mara mbili. Legeza bolti za mbele na za shako, bila kutoa. Kazo akadundisha mkia, ikatoka "kwaak" moja kubwa, ndai ikapumua. Tepu ikasema imeshuka karibu inchi moja. Shoki akarudisha, bolti zote akakaza hapo hapo uzito ukiwa umekalia springi, na spana ya kupima, vile kitabu ya ndai inasema.

Mzae akaitisha thao moja. Kazo akatuma mbili kwa M-Pesa, na bado anaapa hajawahi lipa kidogo hivyo tangu avuke.

Jumapili auntie alibembelezwa hadi akapanda. Nikangoja ripoti kwa grupu. Ikakuja picha moja tu, kazo amepiga akiwa amepark nje ya kanisa: auntie ndani ya Mustang, kitambaa imeteleza kichwani, mdomo wazi, amelala fofofo.