Usukani gani unaifaa baiskeli isiyo na friwili?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumzie baiskeli, na hasa sehemu yake moja ambayo vijana wengi huichagua kwa macho tu. Nayo ni usukani.

Upo mtindo ulioenea Ulaya, Marekani na Japani wa kuchukua baiskeli kuukuu ya gia, kuvua gia zote, kisha kukaza nyuma duara moja tu la meno lililoshikana na habu. Friwili haipo. Ule mlio wa tik-tik unaousikia mtu anapoteremka bila kukanyaga nao haupo, kwa sababu gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka, utake usitake. Ndivyo zilivyokuwa baiskeli za zamani, na ndivyo zilivyo hadi leo zile za mashindano ya uwanjani, ambazo hazina breki kabisa. Kwa kuwa baiskeli za mtumba zimejaa nchini, jambo hili halimshindi fundi yeyote mwenye spana.

Tuseme basi kijana wa Buhembe ameamua kuigeuza ya kwake. Akumbuke kwanza anakaa wapi. Bukoba si uwanja wa mashindano. Ni mji uliolala kando ya Ziwa Victoria, na vilima viko mgongoni mwake. Baiskeli yenye meno 46 mbele na 18 nyuma husogea kama mita tano na nusu kila pedeli inapozunguka mara moja. Ikifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika mteremko, miguu italazimika kuzunguka kama mara 120 kwa dakika, yaani mara mbili kila sekunde, na huwezi kuipumzisha. Kuzuia kwa miguu kunawezekana, lakini nguvu hiyo inafika gurudumu la nyuma peke yake, na mtu anapofunga breki uzito wake wote hukimbilia mbele.

Mwezi Februari 2016, mjini London, mwendesha baiskeli ya namna hii isiyo na breki ya mbele alimgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara. Mama yule akafariki. Mwaka 2017 kijana huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1983 iliitaka baiskeli yake iwe na breki ya mbele.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tunapotazama usukani tutazame kwanza mahali pa kufunga mkono wa breki, tena pawe pale vidole vinapofika bila kupapasa.

Mwenye Phoenix au baiskeli nyingine ya kizamani, yenye breki za fito za chuma, mimi namshauri aiache kama ilivyo. Katika baiskeli hizo usukani, shingo yake na mikono ya breki ni kitu kimoja. Ukiuvua usukani umevua na breki. Wapo watakaosema wataweka breki za waya. Wapi? Rimu yake imeviringwa ubavuni, raba hazipati pa kubana, maana breki yake ya asili hubana kwa ndani, upande wa spoku. Tena ule usukani mpana uliorudi nyuma ndio unaomwezesha mtu kuikokota baiskeli yenye mikungu ya ndizi isimwangukie.

Usukani ulionyooka, kama wa baiskeli za milimani, ndio ninaoupenda mimi kwa barabara zetu. Upana wake unakupa nguvu ya kuvuta unaposimama juu ya pedeli kupanda kilima, na mikono ya breki huingia bila taabu. Ule uliojikunja kama pembe za kondoo dume unafaa kwa mwendo mrefu, ila ni mnene kidogo, kwa hiyo mikono ya breki ya usukani ulionyooka haiuingii. Usilazimishe kwa nyundo.

Vijana wengi, hata hivyo, hupenda wa tatu. Huchukua huo wa pembe za kondoo, huugeuza juu chini, hukata sehemu za chini kwa msumeno, na zinabaki pembe mbili zinazotazama mbele kama za ng'ombe wa Karagwe. Unapendeza, na kupanda nao ni raha. Hatari ni kwamba mara nyingi hakuna breki iliyofungwa pale, au imefungwa katikati, mbali na mkono.

Usukani wa mtumba ukaguliwe karibu na pale unapobanwa. Wa aluminiamu ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, au ukiwa umewahi kupinda na kunyooshwa, tupa. Shingo nayo isivutwe juu kupita alama iliyochorwa ubavuni mwake. Na kwa kuwa mvua haituishi Bukoba, rimu ya mbele iwe ya aluminiamu, kwani raba huteleza vibaya sana juu ya chuma kilicholowa.

Ukishakata, ziba ncha zote mbili. Bomba tupu la chuma likimpata mtu tumboni humkata kama kisu. Kizibo cha chupa kilichochongwa vizuri kinatosha.