Mbio Ambazo Mwongo Hashindi

Mama mwenye kijana apendaye magari huujua usiku mrefu. Hulala sikio likiwa barabarani, akingojea mlio wa injini anaoutambua. Na usikikapo mlio wa magari mawili yanayofukuzana, moyo humwenda mbio. Kumwambia kijana huyo aache kupenda magari ni kazi bure. Swali lililo bora ni hili: mapenzi hayo yapelekwe wapi ili yasimwage damu?

Swali hilo liliwakabili Wamarekani miaka mingi iliyopita. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana wa California walikuwa wakishindana kwa kasi katika barabara za watu. Mwaka 1950, huko Santa Ana, sehemu ya uwanja wa ndege ilianza kutumika kwa mbio hizo kwa utaratibu maalumu. Mwaka 1951 Wally Parks akaasisi chama cha NHRA, kwa nia ya kuwatoa vijana barabarani na kuwawekea kanuni za usalama. Leo viwanja vya namna hiyo vimeenea nchini humo, na mtu wa kawaida huweza kuingia na gari lake la spoti lile lile aendalo nalo kazini, likiwa kama lilivyotoka kiwandani.

Njia ya mbio imenyooka, na urefu wake aghalabu ni robo maili, yaani takriban mita 400. Kabla ya kuruhusiwa, gari hukaguliwa: breki, tairi, mikanda, betri kama imefungwa imara, na kama kuna mafuta yanayovuja. Wenye magari yenye kasi zaidi hulazimika kuvaa helmeti. Kisha magari mawili husimama sambamba mbele ya mlingoti wa taa. Taa za manjano huwaka moja baada ya nyingine, ndipo iwake ya kijani. Atakayeondoka kabla ya wakati huwashiwa nyekundu, naye ameshindwa.

Wengi hudhani kwamba mwenye injini kubwa ndiye mshindi. Katika mbio wazipendazo sana watu wa kawaida, sivyo. Kila dereva hutangaza kwanza muda ambao gari lake litatumia, akauandika kwenye kioo. Tuseme mmoja ameandika sekunde 14.20 na mwenziwe 12.70. Yule wa kwanza hutangulizwa kwa sekunde moja na nusu, ili wote wawili, wakitimiza walichokitangaza, wafike karibu pamoja. Na kuna sharti zito: anayekwenda kwa kasi kuliko alivyotangaza hupoteza, isipokuwa mwenziwe amezidisha zaidi yake. Kwa hiyo mwenye kuficha uwezo wa gari lake ili apate kutangulizwa huumbuliwa na saa.

Ushindi, basi, humwendea anayelijua gari lake, akajua kwamba joto na unyevu wa hewa hupunguza nguvu za injini, akatuliza moyo taa zinapowaka, na akasema kweli juu ya uwezo wake. Gari dogo huweza kulishinda kubwa.

Wala uwanja huo si wa wanaume peke yao. Shirley Muldowney alianza ujanani kwa kushindana katika barabara za Schenectady, New York. Alipohamia viwanjani alipanda hadi Top Fuel, daraja la magari yenye kasi kuliko yote, akawa bingwa mwaka 1977, kisha 1980 na 1982.

Gari la sekunde 14 humaliza robo maili likikaribia kilomita 160 kwa saa. Uwanjani, mbele yake kuna nafasi ndefu ya kupunguzia mwendo, na wazima moto wako tayari. Barabarani, mbele yake kuna mama aliyembeba mtoto, mzee mwenye baiskeli, na tuktuk inayogeuza. Hao hawakutangaziwa mbio, wala hawakuridhia kuwamo.

Basi, mzazi, kaa na kijana wako siku moja boneti ikiwa wazi. Mwulize gari lake linahitaji mita ngapi kusimama. Kama hajui, bado halijui gari lake, na dereva wa namna hiyo hata uwanjani hashindi.