Kompyuta iko Lubumbashi, kidole kiko Kinshasa

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya anga, na hata saa hazilingani: Lubumbashi ikiwa saa tatu asubuhi, Kinshasa bado ni saa mbili. Programu ya uhasibu ikigoma katika ofisi ya komuni ya Lubumbashi, nani atangoja fundi ashuke uwanja wa ndege wa Luano? Simu inapigwa. "Yaya, fungua AnyDesk, unisomee namba." Namba inasomwa, kibali kinatolewa, na mshale kwenye kioo unaanza kutembea wenyewe.

Mafaili hayatoki mahali pake. AnyDesk hutazama kioo, hukigawa vipande, huvilinganisha na vilivyokuwapo punde, kisha hutuma vile tu vilivyobadilika. Fundi naye hurudisha habari za kipanya na vitufe alivyobonyeza. Jedwali la hesabu lililotulia halili data, lakini video ikichezwa, megabaiti huyeyuka.

Mbinu hii ilienea kupitia programu ya VNC, iliyotolewa mwaka 1998 na maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge. Mmoja wa wabunifu wake, Quentin Stafford-Fraser, ndiye aliyeshirikiana na Paul Jardetzky mwaka 1991 kuonyesha picha ya birika la kahawa kwenye mtandao wa ofisi, ili watu wasitembee bure kulikuta tupu. Uvivu wa namna hiyo unastahili nishani.

Kazi ngumu ni kukutana. Kompyuta nyingi zimejificha nyuma ya ruta na hazifikiki moja kwa moja kutoka nje. Kwa hiyo kompyuta zote mbili, ya fundi na ya ofisi, huita seva ya kampuni ya programu, nayo huziunganisha kwa namba ile iliyosomwa. AnyDesk ni ya Stuttgart, TeamViewer ya Göppingen, zote Ujerumani. Yaani watu wawili wa nchi moja hutambulishwa na mgeni.

Halafu kuna kibodi, na hapa ndipo wengi hutoka jasho. Kongo hutumia kibodi ya Kifaransa, AZERTY; fundi wa Nairobi au Lusaka ana QWERTY. Baadhi ya programu hutuma mahali pa kitufe, si herufi iliyochorwa juu yake. Fundi akiandika "mama", Lubumbashi kunaandikika ",q,q". Kwenye barua kosa litaonekana. Kwenye nenosiri huonekana vidoti tu, na fundi anaapa kwamba ameandika sawasawa.

Intaneti ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu huongeza lake: amri kwenda na picha kurudi huchukua karibu nusu sekunde, hata kama mtandao una kasi. Asiye na subira hubonyeza mara mbili, na mbonyezo wa pili hufunga asichokusudia.

Umeme ndio usiodanganyika. Kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa huweza kuamshwa kupitia waya wa mtandao, ikiwa imetayarishwa hivyo. SNEL, shirika la umeme, ikiukata, hakuna cha kuamshwa. Fundi wa Kinshasa atampigia mlinzi wa zamu, na mlinzi atavuta kamba ya jenereta kwa mkono.