Jjajja Alisema "Kama Kalooli"

Paukwa!

Vizuri, nimesikia mkiitika. Walioko nyuma wasogee mbele, niwasimulie kisa cha Kamwokya, mtaa ulio chini ya kilima cha Kololo jijini Kampala.

Palikuwa na Jjajja mmoja aliyependa kusema kwa mafumbo. Siku moja alimwita mjukuu wake, akamkabidhi noti, akamwambia: "Mwanangu, nenda sokoni uniletee karanga zilizosagwa, nipike binyebwa tulie matooke. Lakini usinunue kwa yeyote tu. Nunua kwa yule aliye kama kalooli."

Kalooli mnamjua. Ni yule korongo mkubwa wa Kampala, mwenye kipara, miguu mirefu na mfuko unaoning'inia shingoni, anayetua juu ya miti ya mjini na kwenye majalala. Binti naye alimjua vizuri, kwa hiyo hakuuliza swali. Akashika njia, akikwepa bodaboda na vikaango vya rolex, hadi sokoni.

Alipofika alianza kutafuta kipara. Haikuchukua muda akamwona mzee mmoja muuza karanga, kichwa kinang'aa. Akapiga magoti kama alivyofunzwa nyumbani, akasalimia, kisha akauliza: "Sebo, ni wewe Jjajja anayekuita kalooli?"

Wauzaji wa jirani waliangua kicheko. Mzee hakucheka. "Kamwambie Jjajja wako," alisema, "kipara ninacho, lakini sili takataka."

Binti akaondoka kwa aibu. Safari hii akatafuta miguu mirefu. Alimpata kijana mmoja mrefu kweli kweli, lakini aliuza maharage tu. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jjajja alipoambiwa yaliyotokea alicheka, kisha akauliza: "Hebu niambie, kalooli akiwa jalalani hukaaje?"

"Husimama tu, Jjajja. Gari lipite, mvua inyeshe, yeye hatikisiki."

"Basi umeshamjua mtu wangu. Wenzake huita wateja na kuwavuta mikono. Yeye husimama nyuma ya meza yake, kimya, tangu asubuhi mpaka jioni."

Binti akarudi sokoni mbio, na mara hii alimtambua mama yule kabla hata hajaziona karanga zake.

Sasa tuyachambue maneno ya Jjajja. Kusema kwamba kitu fulani ni kama kitu kingine huitwa tashbihi. Vitabu vingine huandika tashibiha. Ndani ya tashbihi tafuteni mambo manne. La kwanza ni kinachoelezwa: hapa ni muuzaji. La pili ni kinachofananishwa nacho: kalooli. La tatu ni neno la kufananisha: kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, ja, au utadhani. La nne ni sifa inayowaunganisha hao wawili: kutulia bila kutikisika.

Jjajja alitaja matatu, akaficha la nne. Kalooli ana sifa nyingi: kipara, urefu, ulaji wa takataka, utulivu. Binti alichukua iliyomjia kwanza akilini, nayo haikuwa yenyewe. Angeambiwa "anasimama kimya kama kalooli", asingepotea. Baadhi ya waandishi huitaja sifa waziwazi, wengine humwachia msomaji aitafute. Ukiachiwa, soma sentensi za kabla na za baada yake, uone ni sifa gani inakubaliana na habari nzima.

Jjajja angesema "Yule mama ni kalooli", bila neno la kufananisha, hiyo isingekuwa tashbihi tena. Ingekuwa sitiari.

Kuna mtego mmoja. Wanafunzi wengi wakiona "kama" hupiga mstari na kuandika tashbihi. Angalieni sentensi hizi. "Kama mvua ikinyesha, sokoni hujaa matope": hapa kama linaweka sharti. "Walikuja wateja kama ishirini": linakadiria. "Anauza nafaka kama vile mtama na mahindi": linatoa mifano. "Binti ni mrefu kama kaka yake": hapo vimo viwili vimepimwa vikalingana, basi, hakuna picha yoyote. Tashbihi hukutanisha vitu vya aina mbalimbali, mtu na ndege, hasira na moto, ili kimoja kituonyeshe sifa ya kingine.

Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi aliyezaliwa Gulu, alikuwa fundi wa jambo hili. Shairi lake refu alilitunga kwa Kiacholi, na mwaka 1966 likatoka Nairobi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili linaitwa Wimbo wa Lawino. Lawino anadharauliwa na mumewe, Ocol, kwa kuwa hakusoma shule. Anajitetea kwa tashbihi tele, nazo anazichota kwao kijijini, kwa wanyama na mambo ya nyumbani. Mkikutana na tashbihi anazomtupia mke mwenzake, Clementine, ulizeni: anasema juu ya rangi, sauti au mwendo? Tena, anasifu au anakejeli? Maana tashbihi hubeba pia hisia za msemaji. Yule mzee wa karanga alilijua hilo, ndiyo maana hakucheka.

Mkitunga za kwenu, anzieni mnapoishi. Anayeandika "nyeupe kama theluji" ajiulize kama amewahi kuiona. Theluji ya Uganda iko kwenye vilele vya Rwenzori, mbali sana na Kamwokya, lakini unga wa muhogo uko duka la jirani. Na mkishatunga, msomeeni mtu. Hata waandishi wakubwa hufanya hivyo: FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kiko Kira Road, hukohuko Kamwokya, na huko husomeana kazi zao na kukosoana.

Kwa hiyo kazi yenu ya leo ni hii. Tungeni tashbihi tatu za vitu mlivyoviona njiani, mfiche sifa, kisha mwenzako aitafute. Akiikosa, usimcheke; irudie sentensi yako uiandike upya.