Safari ya Wanafunzi wa Sigino kwenda Boma la Arusha

Aghalabu walimu wa bara wanapotaja safari ya kuwaonyesha watoto ngome ya kale, fikira zao hukimbilia pwani: Ngome Kongwe ya Unguja, Gereza la Kilwa Kisiwani, au Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Ni majengo yenye haiba na tarikhi ndefu, wala sina neno juu yake. Lakini mtoto wa kijiji chetu cha Sigino, huku Babati, ambaye nauli yake hutoka katika gunia la mbaazi la baba yake, anayo ngome iliyo karibu naye zaidi, kwa masafa na kwa nasaba pia, nayo ni Boma la Wadachi lililoko Arusha, takriban kilomita 170 kutoka Babati, ambalo basi liondokalo alfajiri hulifikia kabla ya adhuhuri na kurejea siku ile ile, shule isihangaike na malazi.

Boma hilo lilijengwa mwaka 1900, miaka michache tu baada ya wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, kuuawa huko Akeri, Umeru, mwezi wa Oktoba 1896, na baada ya Kapteni Johannes wa Wadachi kuja kutoka Moshi na askari wake kulipiza kisasi kwa bunduki, kwa moto na kwa kuteka ng'ombe. Waliozijenga kuta zile ni Waarusha na Wameru waliotiwa katika shokoa, na hilo ndilo ambalo mtoto hana budi kulijua kabla hajashuka garini, maadamu humo ndani leo mna Makumbusho ya Elimu Viumbe, na kila ajuaye tabia za watoto anajua kwamba watawakimbilia wanyama na kupita penye kuta bila kuzitupia jicho. Siwalaumu, hata watu wazima hufanya hivyo.

Tena njia yenyewe ni darasa. Mwezi wa Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walitoka Arusha, wakauteka mlima wa Lolkisale, wakapita Ufiome, yaani nchi hii hii ya Wagorowa, na tarehe 19 wakaingia Kondoa, ilhali mvua za masika na maradhi yakiwamaliza farasi wao njiani. Na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi, akawashambulia huko Kondoa usiku, asifanikiwe. Kwa hiyo basi linapopita Magugu, Minjingu na Makuyuni, wanafunzi wanaelekea kule majeshi yalikotoka, na mwalimu mwenye sauti nzuri angeweza kuisimulia vita hiyo garini, badala ya kuiachia redio ya dereva kazi hiyo.

Ama kuhusu maandalizi, ningependa mwalimu mmoja atangulie peke yake, ayaone majengo, aulize kiingilio cha wanafunzi, azungumze na mwongozaji na kumwomba aanzie nje, kwenye mawe, ndipo aingie kwa wanyama. Kisha watoto wapewe maswali ya kwenda nayo: ni nani aliyeyabeba mawe haya, alilishwa nini, na Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba, mzee wa Sigino aliipata wapi fedha ya kuilipa? Swali hili la mwisho jawabu lake haliko Arusha. Liko kwa mababu na mabibi wa hapa kijijini, nao waulizwe juma moja kabla ya safari.

Mwezi ufaao ni Septemba, ardhi ikiwa kavu na mbaazi zikiwa zimekwisha kuuzwa, na waendao wawe wa Darasa la Tano na la Sita, kwa kuwa la Saba wakati huo wamo katika mtihani wa taifa. Idhini ya Afisa Elimu na saini za wazazi zitafutwe mapema. Mkutano wa wazazi nao uitishwe Julai, mchango ugawanywe mafungu mawili, na mwenye watoto wawili katika madarasa hayo asidaiwe yote kwa msimu mmoja, kwani mzazi aliyetahayarishwa mbele ya wenziwe humzuia mtoto nyumbani siku ya safari na kusema kwamba anaumwa.